Rikruta kaingia mitini? Dalili, chanzo na cha kufanya ukiwa unatafuta kazi ya IT

Ukitafuta kazi ya IT, uwe developa, mtu wa data, wa seva au wa usalama wa mitandao, karibu kila mlango unakuta rikruta kasimama hapo kabla hujamfikia atakayekuwa bosi wako, na wengi tunaumia kwa sababu tunamchukulia kama mtu anayetutafutia kazi. Yeye anaitafutia kampuni mtu. Ukishalielewa hilo vituko vingi vinaanza kueleweka, unaacha kujilaumu bure na unajua pa kubana na pa kuachia.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, jua uko na rikruta wa aina gani. Kuna aliyeajiriwa na kampuni yenyewe, huyo anakula mshahara wake hata wewe usipopata, kinachomuumiza kichwa ni nafasi ngapi zimejazwa na zimechukua muda gani. Kuna wa ejensi, yaani kampuni ya nje inayotafutia kampuni nyingine wafanyakazi, anayelipwa mtu akishaajiriwa tu, kampuni inailipa ejensi mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, wewe hukatwi kitu, ila ejensi nyingine ikikuwahi yeye hapati hata senti, ndo maana ana haraka vile. Wachache wanalipwa sehemu ya hela mapema, hasa kwa vyeo vya juu. Halafu kuna wa kazi za mkataba, ejensi inamtoza mteja kwa saa au kwa siku, inakulipa wewe chini ya hapo, na ile tofauti ndo faida yao, huyo kila anachokupunguzia kinabaki kwao. Kwenye simu ya kwanza kabisa uliza: "Uko ndani ya kampuni au ejensi? Nafasi hii mmepewa nyie tu au na wengine?" Ni swali la kawaida, rikruta mzoefu anajibu bila kupepesa. Akijiumauma, andika pembeni, maana jibu hilo litakusaidia kwenye karibu kila dalili inayofuata.

Dalili: meseji kibao kila wiki, kazi zenyewe hazikuhusu

Umeandika JavaScript, unaitiwa kazi ya Java, na hizo ni lugha mbili tofauti za programu. Una miaka minane kazini, unaitiwa nafasi ya mtu anayeanza. Umesema wazi unafanya kazi ukiwa nyumbani tu, unaletewa kazi ya ofisini nchi nyingine.

Chanzo ni jinsi wanavyotafuta. Rikruta anaandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, "Java NA Spring LAKINI SIO meneja", inamtolea majina mia kadhaa, anachagua wengi kwa mkupuo na kuwatumia ujumbe mmoja uliobadilishwa jina tu. Wengi hawajawahi kuandika programu na hawana muda wa kusoma profaili nzima, sasa kama ulitaja teknolojia fulani mara moja tu kwenye projekti ya mwaka 2016, kwenye sistimu yao wewe ni mtaalamu wake.

Dawa inaanzia kwenye profaili yako. Futa teknolojia usizotaka kuzifanya tena hata kama unaziweza vizuri, usiziweke kwa ajili ya kujionyesha. Kichwa cha habari cha profaili kiseme cheo unachotaka na teknolojia mbili tatu za msingi, na aya ya kwanza iseme masharti yako yasiyobadilika: mahali, aina ya mkataba, kiwango. Hawatasoma wote, ila watakaosoma ndo unaowahitaji.

Je ujibu? Kwenye LinkedIn rikruta anayekutumia ujumbe wa kulipia hurudishiwa salio la ujumbe huo ukimjibu ndani ya siku 90, hata jibu likiwa hapana. Kwa hiyo jibu fupi la adabu halikugharimu kitu na yeye linamfaa. Andaa jibu moja la kunakili na kubandika: "Asante, kwa sasa natafuta kazi ya bekendi kwa Go au Python, ya mbali, kuanzia kiwango fulani. Ikitokea hiyo nitafute." Mtu akirudi na kitu kinachofanana na ulichoandika ujue anasoma, huyo mtunze.

Dalili: hataki kutaja kampuni, hataki kutaja mshahara

"Ni kampuni kubwa ya fedha, inakua kwa kasi, mshahara unaendana na soko." Hapo hujaambiwa kitu.

Kuhusu jina, wa ejensi ana sababu yake ya kweli: akilitaja mapema unaweza kwenda kuomba moja kwa moja na yeye akakosa hela yake. Mimi naona ni haki yake kulificha kwenye ujumbe wa kwanza. Si haki yake kulificha baada ya hapo. CV yako isiende popote bila wewe kujua inakoenda, mwambie hivyo hivyo, "nitakupa ruhusa kwa maandishi ukishanitajia kampuni na nafasi". Akikataa, mara nyingi hiyo kazi haipo, anakusanya CV za kuweka kwenye hifadhi yake, au anataka kwenda kuomba biashara kwa kampuni kwa kuonyesha kwamba ana watu.

Kuhusu mshahara sababu ni nyingine, bajeti ipo karibu kila mara maana kampuni haifungui nafasi bila kuitengea hela, wanachosubiri ni wewe uanze kutaja namba ndogo. Muulize "wametenga kuanzia ngapi mpaka ngapi?" kabla hujakubali saa moja ya usaili. Akisema hajui, mwambie aende akaulize, utamsubiri. Kwenye baadhi ya maeneo sheria iko upande wako, kule Marekani jimbo la Colorado wanalazimisha tangazo la kazi lionyeshe kiwango tangu Januari 2021, California tangu Januari 2023 kwa waajiri wenye watu 15 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya una agizo namba 970 la mwaka 2023 linalotaka mwombaji aambiwe kiwango kabla ya usaili, nchi wanachama zikapewa mpaka tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Hata kama wewe hauko huko, kampuni nyingi zina ofisi au matangazo huko, tafuta tangazo la cheo hicho hicho kwenye ofisi yao ya maeneo hayo, usome walichoandika. Kiwango kitatofautiana na cha kwako ila utapata picha ya jinsi wanavyopanga ngazi zao.

Dalili: anang'ang'ania kujua unalipwa ngapi sasa hivi

Anataka namba ya kuanzia ili ofa iwe mshahara wako wa sasa na nyongeza kidogo. Kama ulikuwa unapunjwa, unaendelea kupunjwa na kampuni mpya. California wamekataza swali hilo tangu Januari 2018, na sehemu nyingine kadhaa zimefuata. Jibu: "Ninachotafuta ni kuanzia kiasi hiki, je kiko ndani ya bajeti yenu?" Rudia kwa utulivu kila akiuliza. Usidanganye namba, sehemu nyingine wanaomba hati ya mshahara baadaye na uongo ukigundulika ofa inafutwa. Kukaa kimya kuhusu namba ya zamani siyo uongo.

Dalili: kampuni inakwambia "wewe tayari ulishaletwa kwetu"

Hii inauma, maana unapoteza nafasi ambayo ungeipata. Ejensi mbili zimekupeleka kampuni moja, au uliomba mwenyewe miezi kadhaa nyuma na sasa ejensi nayo imekupeleka. Mikataba ya kampuni na ejensi huwa inasema aliyekuleta kwanza ndo mwenye haki ya kulipwa kwa kipindi fulani, miezi sita au hata mwaka, na kampuni ikiona mabishano yanakuja inaona heri imuache mwombaji kuliko kugombana na ejensi mbili. Na wewe hujafanya kosa lolote.

Weka jedwali. Kampuni, nafasi, nani kakupeleka, tarehe, ruhusa uliitoa kwa imeili ipi. Ejensi ikikuomba ruhusa ya kukuwakilisha, sehemu nyingi wanaiomba kwa maandishi, isome kwanza: iwe ya nafasi moja kwenye kampuni moja, na iwe na mwisho. Ukiona imeandikwa kwamba watakuwakilisha kwa "wateja wetu wote", usikubali, waambie waandike upya.

Ikishatokea, andikia kampuni moja kwa moja, useme ni nani ulimpa ruhusa na lini, na kwamba huyo mwingine hukumruhusu. Ambatisha imeili. Inasaidia mara nyingine, ila fanya siku hiyo hiyo, ukichelewa wanakuwa wameshaendelea na wengine.

Ndugu wa karibu wa tatizo hili ni CV iliyobadilishwa. Unafika kwenye usaili unaulizwa Kubernetes, programu ya kusimamia mifumo kwenye seva nyingi, hujawahi kuigusa, unachungulia karatasi yao unakuta imeandikwa miaka mitano. Ejensi nyingi hutoa namba yako ya simu kwenye CV na kuweka nembo yao, hilo ni la kawaida, lakini wapo wanaoongeza ujuzi. Ukituma CV muombe akurudishie toleo litakalokwenda kwa mteja. Na ukikuta imechezewa, sema ukweli pale pale kwa anayekusaili, "hii sehemu sikuiandika mimi, niliyoituma ni hii hapa", umuonyeshe ya kwako.

Dalili: tangazo linadai vitu visivyowezekana

Mwezi Julai 2020 Sebastián Ramírez, aliyetengeneza FastAPI, zana ya kuandikia programu za wavuti kwa Python, alieleza kwamba aliona tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka minne na zaidi wa FastAPI, na yeye asingeweza kuomba kwa sababu ilikuwa imepita kama mwaka mmoja na nusu tu tangu aitengeneze. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2018. Kwa hiyo ukisoma orodha ndefu ya masharti ukajiona hufai, kumbuka nani kaandika: mara nyingi ni mtu aliyechukua tangazo la zamani, akaongeza maneno ya meneja, akaongeza na miaka juu yake. Mambo matatu ya mwanzo kwenye orodha ndo yanayotakiwa kwa kawaida, mengine ni matamanio. Kama hayo matatu unayo, omba. Na kama rikruta anakukataa kwa sababu ya miaka ya kitu ambacho hakijafikisha miaka hiyo, mweleze kwa upole kilitoka lini, wengine wanashukuru kabisa maana hakuna aliyewahi kuwaambia.

Dalili: unaomba sana, hakuna hata anayefungua

Watu wanasema roboti ndo inazikataa CV zote. Sistimu kama Workday, Greenhouse au Lever kweli zinapokea na kupanga maombi, lakini kinachokukataa papo hapo mara nyingi ni yale maswali ya fomu: una kibali cha kufanya kazi huku? Uko tayari kuhama? Una miaka mingapi? Ukijibu kinyume na walichoweka unatolewa bila mtu kusoma CV. Soma maswali hayo taratibu kuliko unavyosoma kitu kingine chochote kwenye fomu. Baada ya hapo kinachobaki ni wingi wa watu, rikruta mmoja ana mamia ya maombi kwenye nafasi moja, anasoma ya mwanzo mwanzo, akipata wa kutosha kusaili anaacha, waliobaki hawajakataliwa na mtu, hawajasomwa tu.

Sasa kuna kosa la kiufundi la kuangalia. Fungua CV yako ya PDF, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye faili tupu la maandishi. Kama yanatoka yamechanganyikana, tarehe za kazi moja zimeingia kwenye kazi nyingine, au jina lako halipo kwa sababu ulilitengeneza kama picha, basi na sistimu inaona hivyo hivyo. Safu moja, vichwa vya kawaida, hakuna jedwali, hakuna vile vistari vya kuonyesha unajua Python asilimia 80. Omba ndani ya siku za mwanzo tangazo likitoka. Na kama kuna mtu unayemfahamu ndani ya kampuni, pitia kwake kwanza kabla ya kujaza fomu, kwenye kampuni nyingi ukishajiombea mwenyewe hawezi tena kukupendekeza.

Dalili: usaili ulienda vizuri, halafu kimya

Hapa ndo watu wanaumia zaidi ya kote, na nataka tukae hapa kidogo. Umepiga simu na rikruta, umefanya usaili wa kiufundi, umeongea na meneja, umeambiwa "tutarudi kwako wiki ijayo", wiki ijayo imepita, nyingine imepita, imeili hajibu. Mtu unaanza kurudia kila jibu ulilotoa usiku umelala, ulikosea wapi. Mara nyingi hukukosea popote.

Chanzo cha kwanza ni kwamba wewe ni wa pili. Wamempa ofa mtu mwingine, hajasaini, na hawataki kukukataa mpaka asaini, na hawawezi kukwambia hivyo. Dalili yake ni majibu mafupi yenye joto, "bado tuko kwenye mchakato, tunakupenda sana", bila tarehe. Hiyo inaweza kukaa hata mwezi na ikarudi kwako kweli, watu wanakataa ofa kila siku.

Chanzo cha pili nafasi imesimamishwa. Bajeti imezuiliwa, meneja kahama, kuna mtu wa ndani kahamishiwa hapo. Rikruta mwenyewe anaweza kuwa hajaambiwa, anangoja kama wewe.

Chanzo cha tatu rikruta hayupo. Mwezi Novemba 2022 Meta, kampuni yenye Facebook, ilipunguza watu zaidi ya 11,000 na Mark Zuckerberg mwenyewe aliandika kwamba idara ya kuajiri itaguswa zaidi ya nyingine kwa sababu mwaka uliofuata wangeajiri wachache. Kampuni ikianza kubana matumizi, watu wa kuajiri ni kati ya wa kwanza kuondoka, na imeili yao ya kazi inazimwa siku hiyo hiyo. Unaandikia sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Chanzo cha nne wamekukataa na hawajui namna ya kukwambia. Wa ejensi hapati chochote kwa kupiga simu ya kukataa mtu. Wa ndani ya kampuni mara nyingi amekatazwa na wanasheria wao kutoa sababu, wanaogopa kushtakiwa kwa ubaguzi, kwa hiyo anaona bora anyamaze. Hili mimi silikubali hata kidogo, mtu aliyewapa saa tano za maisha yake anastahili mstari mmoja wa "hapana, asante", na huo hauhitaji sababu yoyote.

Cha kufanya kinaanza kabla ya kimya chenyewe. Mwisho wa kila hatua uliza: "Hatua inayofuata ni ipi, itakuwa lini, na nisiposikia kitu mpaka siku hiyo niandike kwa nani?" Hilo la mwisho ndo muhimu, linakupa jina la pili. Siku ikipita ongeza siku mbili za kazi halafu andika ujumbe mfupi: "Habari, tulikubaliana ningesikia kutoka kwenu Ijumaa. Bado nina nia na nafasi hii. Kuna mabadiliko yoyote ya muda?" Wiki moja baadaye mwandikie huyo wa pili au meneja aliyekusaili. Wiki nyingine, ujumbe wa mwisho: "Naendelea na michakato mingine, mkiwa bado mnanihitaji mpaka tarehe fulani nijulisheni." Ukishautuma huo, kwenye jedwali lako andika imefungwa. Usiendelee kuandika. Na katika muda wote huo usisimamishe maombi mengine hata siku moja, hata kama wamekwambia ofa inaandaliwa, mpaka umesaini karatasi. Danadana inamuumiza zaidi mtu aliyeweka matumaini yake yote mlango mmoja.

Wa ejensi akiingia mitini ni rahisi zaidi kusoma: akiwa na jibu zuri anakupigia ndani ya dakika kumi, maana hela yake iko hapo. Kimya chake cha siku tatu nne baada ya mteja kutoa majibu huwa ni hapana.

Dalili: anakuuliza sana kuhusu sehemu nyingine unazofanya usaili

"Unaongea na kampuni gani nyingine? Nani anakusaili huko? Bosi wako wa sasa anaitwa nani, tumpigie kama mdhamini?" Na bado hujafanya usaili hata mmoja kwake.

Anatafuta biashara. Kampuni unayoitaja ina nafasi wazi, kesho anaipigia na kuwapelekea watu wa kushindana na wewe. Wadhamini unaowataja ni mameneja, na mameneja ndo wateja wake. Sema una michakato miwili mitatu hatua za mbele, majina hapana. Wadhamini wape baada ya ofa, au angalau ukiwa hatua ya mwisho.

Dalili: kazi ya majaribio ya nyumbani haina mwisho

"Itakuchukua saa mbili tu", unafungua unakuta ni sistimu nzima yenye hifadhidata, kuingia kwa pasiwedi na vipimo. Aliyeandika hajawahi kuifanya mwenyewe. Muulize rikruta itasomwa na nani, kwa vigezo gani, na baada ya hapo kuna hatua ngapi. Pendekeza mbadala, projekti yako iliyo wazi GitHub, ile tovuti ya kuwekea msimbo wa programu, na nusu saa ya kuielezea. Ukiamua kuifanya, jiwekee saa zako, ukifika mwisho simama na uandike kwenye faili la maelezo ungeendelea vipi. Kama jaribio linafanana na shida halisi ya bidhaa yao inayouzwa, omba walipie.

Dalili: ofa imekuja, jibu linatakiwa kesho

Wa ejensi anataka kufunga kabla hujasikia ofa nyingine, na wa kampuni ana ripoti ya mwisho wa mwezi. Ofa ya kweli huwa haifi kwa kuomba siku nne tano za kuisoma. Omba kwa maandishi, uliza uipate yote kamili: mshahara, bonasi, hisa, likizo, muda wa majaribio, na kipengele cha kutofanya kazi kwa washindani. Usiache kazi uliyonayo kwa ofa ya mdomo.

Ukijadili mshahara kupitia ejensi kumbuka hesabu yao. Ukiongezewa 5,000 kwa mwaka na kamisheni ni asilimia 20, ejensi inaongeza 1,000, na rikruta mwenyewe anapata kipande tu cha hiyo, lakini ukikataa anapoteza yote. Kwa hiyo atakusukuma ukubali mapema kuliko atakavyokupigania kupanda. Mpe namba moja utakayosaini siku hiyo hiyo, hapo anakuwa na kitu cha kwenda nacho. Na akikupigia simu mara kwa mara baada ya kuanza kazi, sababu ni kwamba ejensi nyingi zinatakiwa kurudisha hela ukiondoka ndani ya miezi michache ya kwanza. Ukiwa na shida kazini katika kipindi hicho mwambie, anayo sababu ya kuisukuma itatuliwe.

Dalili: anaomba hela, au anataka uendeshe programu yake

Hapa hakuna kujadiliana. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema ejensi binafsi za ajira zisimtoze mfanyakazi ada wala gharama, isipokuwa mazingira machache yanayoruhusiwa na nchi husika. Anayekuomba hela ya fomu, ya mafunzo, ya kukagua historia yako, au akutumie hundi ununue laptopu kwa "muuzaji wetu", ni tapeli.

Ya pili ni hatari zaidi kwa watu wetu kwa sababu inafanana kabisa na usaili wa kawaida. Tangu Novemba 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Palo Alto Networks wameeleza kampeni waliyoiita Contagious Interview: mtu anajifanya rikruta, anakupa mtihani wa kuandika programu uliowekwa GitHub, ukiufungua na kuuendesha unaingiza programu mbaya inayoiba pasiwedi na pochi za sarafu za kidijitali. Waliihusisha na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Kabla ya hapo, Machi 2022, mtandao wa sarafu za kidijitali wa Ronin, unaotumiwa na mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa zaidi ya dola milioni 600, FBI wakalitaja kundi la Lazarus la wadukuzi wa Korea Kaskazini, na baadaye ikaripotiwa kwamba mlango ulikuwa ofa feki ya kazi, faili la PDF alilofungua injinia mmoja baada ya kufanyiwa usaili wa uongo wa hatua kadhaa.

Kwa hiyo: angalia anuani ya imeili herufi kwa herufi, kisha nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni utafute hiyo nafasi, na uwapigie kwa namba uliyoitoa hapo. Msimbo wa mtu usiyemjua usiuendeshe kwenye kompyuta yako ya kila siku, achilia mbali ya ofisi. Tumia kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi, isiyo na akaunti zako. Kumbuka amri ya npm install, ya kupakua vifurushi vya JavaScript, peke yake inaweza kuendesha amri zilizofichwa ndani ya vifurushi hivyo, hata hujaanzisha programu. Akikuharakisha, "endesha sasa hivi huku unatuonyesha skrini", funga simu. Kama tayari uliendesha, kata intaneti, tumia kifaa kingine kubadilisha pasiwedi zote na kufuta funguo za GitHub na za seva, hamisha sarafu kama unazo, wajulishe watu wa usalama kazini kwako hata kama unaona aibu kwamba unatafuta kazi nyingine, kisha futa kompyuta yote na uanze upya.

Dalili: ulishapata kazi, simu haziishi

CV yako imezagaa kwenye hifadhi zao. Zima alama ya kutafuta kazi kwenye profaili. Halafu andikia ejensi wafute taarifa zako. Kwenye Umoja wa Ulaya haki hiyo ipo chini ya sheria ya data iliyoanza Mei 2018 na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kujibu. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya 2022. Ujumbe unatosha mistari miwili: jina lako na imeili waliyonayo, kwamba unaomba wafute taarifa zako zote, na kwamba wakuthibitishie kwa maandishi ni wateja gani walishawatumia CV yako.